Kwa nini simu ya Bi Mkubwa ilijaa mbio laptopu ikizimwa

Aliyenigutua hakuwa fundi. Ni Bi Mkubwa anayeuza mkate wa kumimina jirani na steshenari yangu hapa Wete, Pemba. Simu yake huniletea mimi kuichaji, kwa sababu kibanda chake hakina umeme, na kwa sababu, kama anavyosema mwenyewe, nyumbani kwake Tukuza (umeme wa kulipia kabla) ikiisha wajukuu hawasemi mpaka friji lianze kutoa maji.

Siku moja alipokuja kuichukua akasimama mlangoni, akanambia: "Mwanangu, nikikupa simu adhuhuri, naja kuichukua alasiri. Nikikupa magharibi, naja isha. Na yajaa sawasawa. Huu mchana wako una nini?"

Nikacheka. Nikamwambia mchana joto, mtandao unakula betri, pengine watu wanampigia simu ikiwa huku.

"Hanipigii mtu," akasema, akachukua simu yake akaenda zake.

Mdomoni nilimjibu upesi, lakini moyoni jambo lilibaki. Adhuhuri mpaka alasiri ni saa tatu na ushei. Magharibi mpaka isha ni saa moja na robo hivi. Simu moja, waya mmoja, tundu moja. Ikiwa inajaa sawasawa kwa muda usiofika nusu, basi kuna kitu mezani pangu ambacho mimi mwenye meza sikijui.

Meza yenyewe ni hii: laptopu, printa, na habu ya USB yenye matundu saba. Habu ni kile kidude kinachochukua tundu moja la kompyuta kikalizalisha mengi. Wateja wangu huiita ekstensheni na sijawahi kubishana nao. Ina adapta yake ya ukutani, kwa hiyo hainyonyi umeme wa laptopu. Mchana wanafunzi wa skuli huchomeka flashi zao humo kuprinti notisi, na matundu yanayobaki nachajia simu za watu, shilingi mia tatu kwa simu. Ikiadhiniwa magharibi nazima laptopu, naenda msikitini, mdogo wangu anabaki dukani na simu zinaendelea kuchaji.

Nilikuwa na kimita cha USB nilichokinunua Darajani nilipovuka kwenda Unguja, kidude cha ukubwa wa kidole gumba. Unakichomeka kwenye tundu, waya wa simu unauchomeka kwake, nacho kinakuonesha volti, yaani msukumo wa umeme, na ampea, yaani wingi wa umeme unaopita. Nilikinunua kwa ajili ya kukamata nyaya feki. Siku ya pili yake nikakiweka kwenye tundu la Bi Mkubwa.

Laptopu ikiwaka, kimita kilisoma volti 5.06 na ampea 0.46. Nikakikodolea macho dakika tano nzima, hakikusogea. Halafu nikazima laptopu. Skrini yake ilipokufa, namba za kimita zote zikaenda sifuri, na simu ikalia *tii*, ule mlio wake wa kuchomekwa chaja, ilhali mkono wangu haujagusa kitu. Kufumba na kufumbua namba zikarudi: volti 4.97, ampea 1.28.

Nikawasha laptopu. Tii. 0.46. Nikazima. Tii. 1.28. Mdogo wangu akaniuliza kama nina homa.

Nikapiga hesabu nyuma ya karatasi iliyoharibika kwenye printa. 0.46 kwa saa tatu na robo ni kama 1.5. Na 1.28 kwa saa moja na robo ni 1.6. Bi Mkubwa alikuwa amepima ampea kwa adhana, na kosa lake ni dogo kuliko la vimita vingine ninavyovijua.

Mimi, kama watu wengi, nilikuwa nikiamini kinyume chake: kwamba laptopu ikiwaka inaongeza nguvu. Kumbe yenyewe ndiyo iliyokuwa ikiibana simu.

Kuelewa sababu kulinirudisha nyuma sana. USB ilizaliwa mwaka 1996 kwa ajili ya kibodi, mausi na printa, na umeme wake ulikuwa wa mgao. Wazee wanaokumbuka foleni za mchele na sukari wataelewa haraka. Katika USB 2.0, iliyotoka mwaka 2000, kifaa kikichomekwa kinaruhusiwa miliampea 100 (elfu moja ndiyo ampea moja), basi. Kinajitambulisha kwa kompyuta, kinasema mimi ni nani na nahitaji kiasi gani, na kompyuta ikiridhia kinapewa hadi 500. USB 3.0 ya mwaka 2008 ikapandisha hadi 900. Habu isiyokuwa na adapta yake hali ni ngumu zaidi: inapokea 500 kutoka kwa kompyuta, inabakisha 100 za kuendeshea maisha yake, na zinazobaki inagawa mia mia kwa matundu manne. Ndiyo maana zile habu ndogo za bei rahisi, ukichomeka simu, inaandika inachaji na asilimia hazipandi.

Kwa mausi, mgao huo unatosha na kubaki. Kwa simu ni kumpa mvuvi kikombe cha chai akamalizie njaa ya usiku kucha.

Lakini zama hizo simu nyingi za huku wala hazikuwa na habari na USB. Mimi nilikuwa Unguja nasoma wakati ule umeme wa kisiwa kizima ulipokatika, Desemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipokufa. Miezi mitatu ya ngurumo za jenereta. Kuchaji simu ikawa biashara ya kila pembe, na mwenye biashara alikuwa na rundo la chaja kama minyiri ya pweza: pini nene ya Nokia, pini nyembamba ya Nokia, ya Samsung ya bapa, na kwa simu zilizoshindikana kabisa, chaja ya kobe, ile inayong'ata betri yenyewe kwa meno yake mawili. (Huku Pemba mwaka huo huo wa 2010 ndio tulipata waya wetu kutoka Tanga, kabla ya hapo tulikuwa tukiishi kwa majenereta ya Wesha, kwa hiyo wenzetu walipokuwa wakilia giza sisi tulikuwa tumeshalizoea.)

Chaja zile zilikuwa na nyaya mbili tu, chanya na hasi. Haziulizwi wala hazijibu. Kilichomo ndani ndicho kinachotoka.

Kwingineko vurugu za pini zilikuwa zimeshaanza kutafutiwa dawa tangu mwaka 2006, China ilipotoa kiwango chake kiitwacho YD/T 1591: kichwa cha chaja kiwe na tundu la USB. Wazo zuri, lakini likazaa swali. Simu ikichomekwa kwenye tundu la USB, itajuaje kama ng'ambo ya pili kuna kompyuta yenye mgao wa 500, au kuna kichwa cha chaja kilichochomekwa ukutani ambacho kinaweza kutoa mara tatu ya hiyo?

Jawabu lao lilikuwa la kifundi wa mtaani hasa, na nalipenda kwa hilo. Waya wa USB wa kawaida una nyaya nne: nyekundu na nyeusi za umeme, kijani na nyeupe za data. Hizi za data zinaitwa D+ na D−. Ndani ya kichwa cha chaja hakuna data yoyote ya kupita, kwa hiyo D+ na D− ziko bure. Wakasema: ziunganisheni pamoja. Simu ikikuta zimeungana, ijue hapa hakuna kompyuta.

Wenye USB wenyewe wakalitia jambo hilo katika waraka wao wa kuchaji betri. Toleo la kwanza lilitoka mwaka 2007, na lile lililodumu, 1.2, likatoka Desemba 2010. Humo matundu yamegawanywa aina tatu. La kwanza ni tundu la kawaida la kompyuta, SDP, lenye mgao wake ule ule. La pili ni DCP, tundu la chaja tupu, lisilo na data. La tatu ndilo lililonifanya nikae kitako: CDP, tundu linalopitisha data na bado linachaji hadi ampea 1.5.

Namna simu inavyoyatofautisha ni jambo la dakika chache kulieleza na la chini ya kupepesa macho kulifanya. Kwetu huku huingii ukumbini kwa mtu bila hodi, na simu nayo hivyo hivyo. Ikiona tu volti 5 zimefika, kabla haijaanza kunyonya, inaweka volti ndogo sana, kama 0.6, kwenye D+, na kuchungulia D−. Kwenye tundu la kawaida D− imefungwa chini kwa resista, kile kijidude cha kukinza umeme, ya kilo-omu 15 (omu ndiyo kipimo cha ukinzani), hodi haijibiwi, kimya. Simu inajua: hapa ni mgao. Kwenye chaja tupu, kwa kuwa nyaya mbili zimeungana kwa ukinzani usiozidi omu 200, ile 0.6 inatokea upande wa pili kama sauti inayorudi kisimani. Na kwenye tundu la aina ya tatu, chipu ya tundu yenyewe inasikia hodi kwenye D+ na kujibu kwa 0.6 yake kwenye D−.

Mpaka hapo simu inajua iko kwenye tundu la kuchajia, ila haijajua la aina gani. Basi inageuza: inabisha kwenye D− na kusikiliza D+. Nyaya zilizoungana zitarudisha sauti tena. Tundu lenye data halijibu mara hii. Kwisha. Yote haya yamepita kabla hujaondoa mkono kwenye waya.

Apple hawakungoja waraka wa mtu. Wao wakaweka resista ndani ya vichwa vyao, zikashikilia D+ na D− kwenye volti maalumu: volti 2.0 huku na 2.7 kule ni ampea 1, ukizigeuza ni 2.1, zote mbili zikiwa 2.7 ni 2.4. Kwa hiyo kuna zama iPhone ikiwekwa kwenye chaja nzuri ya Android ilikuwa ikichaji kwa kujikokota, na mwenye simu anasema chaja mbovu. Chaja nzima. Hawakuelewana lugha, kama Mmakunduchi na mgeni wa mjini.

Sasa turudi kwenye habu yangu, maana hapo ndipo penye utamu.

Habu si kichwa cha chaja na si kompyuta. Iko katikati, na inabadilika hali. Ikiwa imeunganishwa na kompyuta iliyo hai, haiwezi kuunganisha D+ na D−, kwa sababu data inahitaji kupita. Kompyuta ikizimwa, nyaya hizo ziko bure tena. Chipu za habu zilizotengenezwa vizuri zinalijua hilo. TUSB8041 ya Texas Instruments, kwa mfano, ikiwa imewezeshwa kuchaji, upande wa kompyuta ukiwa umeunganishwa inafanya kazi kama CDP. Ukikatika inageuka DCP, na humo inajua kujibu kwa lugha ya kiwango cha China na kwa ile ya volti maalumu kama ya Apple pia. Yaani mchana na usiku simu ingepata ampea zake.

Yangu haikuwa hivyo. Mchana ilikuwa tundu la mgao, kawaida kabisa. Laptopu ikizimwa ndipo ilipogeuka chaja. Waliiwezesha nusu.

Na ule mlio wa *tii*? Huo nao una sababu yake. Simu inabisha hodi mara moja tu, pale volti zinapofika. Ikishaamua kwamba hapa ni mgao, itakaa na mgao wake mpaka kesho hata tundu libadilike chini yake. Kwa hiyo habu inapogeuza hali inakata umeme wa tundu kidogo, halafu inaurudisha, ili simu idhani imechomekwa upya na iulize tena. Zile sifuri kwenye kimita zilikuwa habu inamfungia mtu mlango ili abishe upya.

Nikaifungua. Najua, siku hizi kila mtu anafungua kila kitu, lakini bisibisi ilikuwa mezani na mvua ya masika ilikuwa imefukuza wateja. Ndani nikakuta chipu mbili, zote zimepigwa msasa juu jina lisisomeke. Na hapo nikaelewa jambo jingine: habu ya matundu saba ni habu mbili za matundu manne zilizopandana. Tundu moja la ile ya kwanza limeliwa na ya pili, yamebaki matatu na manne, saba. Nikapita na kimita tundu kwa tundu, laptopu ikiwa imezimwa. Matatu ya kwanza, 1.2 na kitu. Manne ya mwisho, 0.4 na kitu, yote. Bi Mkubwa kwa kuwa ni mteja wa kila siku, simu yake huchomekwa tundu la kwanza. Angekuwa anapewa tundu la sita asingeona tofauti yoyote ya magharibi na adhuhuri, na mimi leo nisingekuwa na cha kuandika.

Kinachouma ni udogo wa kilichokosekana. Kwenye chipu kama USB2514B ya Microchip, kila tundu lina mguu ambao chipu inausoma mara tu inapopata umeme: ukiuvuta juu kwa resista moja, tundu hilo linakuwa la kuchajia. Ukiuacha, linabaki la kawaida. Resista moja ya thamani ya pipi. Mtengenezaji anaweza kuamua huku ndiyo, huku hapana, na juu ya boksi akaandika anachotaka.

Juu ya boksi langu waliandika ampea 1.5 kila tundu.

Adapta waliyoifunga ndani ya boksi hilo hilo imeandikwa 5V 3A.

Sikulitia akilini mpaka msimu wa karafuu. Wanaoijua Pemba wanajua msimu ulivyo: kila uwanja una jamvi la karafuu, mji mzima unanukia, watu wanarudi mashambani jioni na simu zimezima, na kila mtu anataka kujua bei na kupiga hesabu ya vibarua. Siku hiyo umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, ukarudi baada ya magharibi. Habu ikajaa kabla sijakaa. Kwa kuwa nilishajiona mjuzi, matundu matatu yenye nguvu niliyatoa kwa watu wa haraka, mmoja wao Ami mvuvi aliyekuwa akitoka alfajiri. Laptopu nikaizima makusudi ili wapate kasi. Nikafunga duka, nikaenda kulala.

Asubuhi mdogo wangu, aliyelala dukani, akanambia hakulala. "Zimelia usiku kucha, kaka. Tii, tii, tii. Kama vifaranga."

Ami alikuwa mlangoni kabla ya jua. Simu yake, tangu saa mbili ya usiku, ilikuwa na asilimia 19. Simu hiyo ndiyo tochi yake, ndiyo saa yake, ndiyo anayompigia mwenye boti mashine ikigoma. Hakunitukana. Aliitazama asilimia, akanitazama mimi, akasema "Haya," akaondoka. Kwa tabia yake ningetamani anitukane.

Kilichotokea kinapigika hesabu kwa vidole. Matundu matatu yalizijibu simu tatu: njooni, kila mmoja ampea 1.5. Jumla 4.5, na nne nyingine zikachukua zake. Adapta ni ya 3. Simu zikaanza kunyonya, volti zikashuka kutoka 5 kwenda 4 na kidogo, chipu ya habu ikazimia, umeme ukakatika kwenye matundu yote, mzigo ukaondoka, volti zikapanda, habu ikazinduka, simu zikabisha hodi, zikajibiwa njooni, kila mmoja 1.5. Mpaka asubuhi.

Hapo ndipo ninapogombana na vifaa hivi, na sijaacha. Ile 0.6 ya kwenye D− ni ahadi. Simu haina namna ya kuikagua kabla, inaamini. Wanasema ahadi ni deni, na simu ndivyo ilivyo, ikishaahidiwa inakuja kudai. Lakini chipu inayotoa ahadi haijui adapta iliyo nyuma yake ina kiasi gani. Hakuna waya unaoiambia. Anayejua ni aliyefunga boksi, na yeye alishauza akaondoka. Chipu ya habu inaweza kuwa nzuri kabisa, imefuata waraka neno kwa neno, na bado ikawa inasema uongo kwa niaba ya mtu mwingine.

Nilipompelekea fundi simu wa hapa mjini habu ile, yeye akaniletea uongo wa aina nyingine. Akachukua waya, akaukata katikati, nyekundu na nyeusi akaziacha, kijani na nyeupe za upande wa simu akazisokota pamoja akafunga gundi. "Huu chomeka popote, simu itadhani iko ukutani."

Na kweli. Nikauchomeka kwenye tundu la sita la habu, lile la mgao, kimita kikaruka 1.2. Nikaona raha. Nikauchomeka kwenye tundu la laptopu yenyewe. Kimita kikapanda, kikatulia kidogo, halafu laptopu ikaleta maandishi ya kunionya kwamba kuna kifaa kinavuta umeme kupita kiasi, na tundu likafa mpaka nilipoiwasha upya. Waya wa fundi hauongezi nguvu ya tundu hata kidogo. Unaiziba simu masikio tu isisikie kwamba tundu limesema hapana. Mwingine wa jamii hiyo ni zile nyaya za kuchajia tupu zenye nyaya mbili ndani, rahisi rahisi: huo nao simu ikibisha haipati jibu la aina yoyote, na nyingi huamua kwenda polepole kwa usalama. Watu wanaurudisha dukani wanasema umekufa.

Fundi mwenyewe alikuwa na wazo la kuleta adapta ya ampea 10, zile za taa za mapambo. Nikamwambia tazama hizi njia za shaba kwenye bodi ya habu, unene wake kama unywele. Ampea 10 zipite hapa? Akaangalia, akasema, "Zitapita mara moja." Tukacheka, habu nikairudisha mfukoni.

Faida moja ya tundu tupu nisiisahau, maana iliniletea mteja kwa kumpoteza kwanza. Kijana mmoja aliacha simu yake mchana, laptopu ikawaka na kufungua dirisha lenye mafolda ya simu yake, picha na kila kitu, mbele ya watu watatu waliokuja kutoa fotokopi. Aliichomoa kwa mkono unaotetemeka. Tundu lililounganisha D+ na D− haliwezi kufanya hivyo hata likitaka. Yule kijana tangu siku hiyo akawa anachaji usiku tu.

Simu mpya zenye USB-C zimeanza kuiacha mila hii. Zina miguu mingine kabisa, inaitwa CC, na tundu linatangaza uwezo wake kwa ukubwa wa resista: ya kilo-omu 56 ni kiwango cha kawaida, 22 ni ampea 1.5, 10 ni ampea 3. Zikitaka zaidi ya hapo zinazungumza kwa data kamili. Ulaya wameifanya USB-C kuwa lazima kwa simu tangu Desemba 28, 2024. Ila huku kwangu boksi la nyaya bado ni la kila zama, na hata simu ya USB-C ukiiwekea waya wenye kichwa cha zamani upande wa pili, inarudi kwenye hodi ile ile ya D+ na D−.

Mimi nimetenganisha. Habu imebaki ya flashi na printa, haichaji mtu. Simu zina kichwa chao cha matundu mengi, nilichokipima kwa kimita hapo hapo dukani kabla ya kutoa pesa, mwenye duka akinitazama kama nakagua ng'ombe wa kuchinja. Ami nilimchajia bure mpaka msimu ukaisha. Ananisalimia tena.

Bi Mkubwa nilimpelekea habari mwenyewe, jioni, akiwa anafunika mkate wa mwisho. Nikamwambia alikuwa sahihi. Nikamweleza, bila volti wala resista, kwamba laptopu ikiwaka simu yake ilikuwa ikipewa kidogo, na ikizimwa inapewa nyingi, na mimi sikujua. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono kwenye unga.

"Kwa hiyo mchana ulikuwa ukinipa nusu."

"Hata nusu haifiki, Bi Mkubwa."

"Na pesa?"

"Mia tatu."

"Mchana mia tatu, usiku mia tatu." Akafuta mikono kwenye leso. "Basi ulikuwa ukinichaji mimi, mwanangu, simu umeiacha."

Nikanunua ule mkate wa mwisho. Chenji sikuidai.